Kipande cha Kwapani

Mwigizaji aliyecheza akida aliinua mikono yote miwili kuwaita watu wake, na mshono ukafumuka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nikausikia: uzi mmoja unakatika, halafu mwingine, halafu mfululizo, kutoka kwapani mpaka karibu na kiuno. Joho lile nilikuwa nimelishona mwenyewe kwa siku nne, kibandani kwangu Magomeni. Siku ya kulijaribu lilimkaa vizuri mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Sasa akida wetu, mtu wa kutoa amri, aliumaliza mchezo akiwa amebana kiwiko ubavuni, anaamrisha kwa mkono mmoja, na ukumbi mzima unaiona fulana yake nyeupe. Hakunilaumu. Alinikabidhi joho, akasema, "Pole na kazi, fundi," akaenda zake kuoga.

Usiku ule nilikaa na joho mapajani. Uzi ulikuwa mzuri, kitambaa kilikuwa kizuri, mshono ulikuwa umepigwa mara mbili. Kosa lilikuwa kwenye ukataji, na sikujua ni wapi. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye cherehani nikishona suti za harusi, madera, sare za shule na za kwaya. Mteja wangu husimama mbele ya kioo, akageuka kushoto, akageuka kulia, akaridhika, akalipa. Mwigizaji hasimami. Anaanguka, anapiga magoti, anabeba mwenzake mgongoni, analowa jasho, na kesho yake jioni anavaa nguo ile ile. Nilikuwa nimemshonea mtu wa kioo nguo ya mtu wa jukwaa.

Kwetu fundi wa maleba, yaani mavazi ya jukwaani, hutoka mtaani. Kikundi kinapata mchezo, kinamtafuta fundi aliye karibu, anapewa siku tano na kitambaa kilichonunuliwa Kariakoo, basi. Nilitaka kuifanya kazi hii kwa maisha yangu yote, si mara moja kwa mwaka, na nilijua kwamba mtu hawezi kuomba kazi ya namna hiyo kwa ushahidi wa joho lililochanika. Nikaanza kuweka akiba. Ilichukua miaka miwili na nusu kufikisha nauli na ada ya mafunzo ya wiki tatu ya ukataji wa maleba. Wiki ya kwanza ya Oktoba 2025 nilishuka London, nikapokewa na dada yangu, mtoto wa shangazi, anayeishi Barking.

"Kaka, umetoka Dar kuja kujifunza kushona?" aliniuliza usiku wa kwanza, akinipakulia wali. "Wewe si fundi?"

"Fundi wa nguo za watu waliosimama, dada."

Karakana ilikuwa kusini mwa mto Thames, chini ya tao la matofali ambalo treni hupita juu yake. Kila baada ya dakika chache pini zilitetema kwenye visahani. Tulikuwa wanafunzi wanane, na mwalimu wetu, mama wa miaka kama sitini, alikuwa amekata nguo za opera na za michezo ya jukwaani tangu ujana wake. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza. Ulimi wangu ulikataa. Nilimwita Mwalimu mpaka siku ya mwisho, naye akalizoea.

Siku ya kwanza hatukugusa cherehani. Tulipimana. Magomeni mimi huchukua vipimo kumi, na nikiwa na haraka saba. Pale karatasi ya vipimo ilikuwa na mistari zaidi ya arobaini: mzunguko wa kichwa kwa ajili ya kofia na wigi, mbavu zikiwa zimetulia, na mbavu zikiwa zimejaa pumzi, mkono ulionyooka, na mkono uliokunjwa, mgongo mikono ikiwa chini, na mgongo ule ule mtu akijikumbatia. Nilimpima mwenzangu mgongo, akajikumbatia, nikampima tena. Tofauti ilikuwa inchi tatu na nusu. Niliitazama futi kwa muda mrefu. Inchi tatu na nusu ndizo akida wangu alizozitafuta jukwaani akazikosa, akazichukua kwa nguvu.

Juu kabisa ya karatasi ile, kabla ya kipimo chochote, palikuwa na swali: anafanya nini jukwaani? Mwalimu hakuruhusu mtu kukata mpaka awe amelijibu kwa sentensi kamili. Anapanda ngazi. Anapigana kwa upanga. Anaimba akiwa amelala chali. Anabadilisha nguo gizani kwa sekunde ishirini, maana yake vifungo vya mbele ni vya urembo tu na nguo inafungwa kwa vibanio vya kubonyeza. Tangu siku hiyo sijamwuliza mteja wa jukwaani rangi anayoipenda kabla ya kumwuliza swali hilo.

Siku ya pili alileta jora la pamba ya rangi ya maziwa, isiyopaushwa, yenye vidoa vidogo vya maganda ya mbegu. Nilikigusa kitambaa nikakijua kwa vidole. Merikani! Ile ile ambayo ikitiwa nili ilikuwa kaniki, vazi la bibi zetu la shamba na la msiba. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa merikebu katika karne ya 19, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, na watu wa pwani wakaiita kwa jina la nchi ilikotoka. Waingereza nao hukiita kitambaa cha namna hii kwa jina la Calicut, bandari ya India. Niliwaeleza wenzangu, na kwa muda mfupi darasa la ukataji likawa darasa la bahari.

Kazi ya merikani pale ni kukosea. Kabla ya kugusa mahameli au hariri, nguo nzima inakatwa kwanza kwa merikani, inapigwa bandi, inavalishwa mwigizaji, kisha anaambiwa afanye yale atakayofanya jukwaani. Anakaa. Anainama. Anarusha teke. Fundi anatazama kitambaa kinavyovutika, anachora kwa penseli juu yake pale pale, anachana, anaongeza, anapunguza. Halafu bandi zinafumuliwa na vile vipande vinakuwa ndiyo kielelezo cha nguo halisi. Mwanzoni niliona ni hasara, kushona nguo mbili ulipwe moja. Mteja wangu huleta mita tatu kamili, na zikipungua sentimita kumi ananihesabia. Lakini nilipofanya hesabu ya joho la akida, kitambaa kilichoharibika na siku nne zilizopotea, niliona kwamba mita tano za merikani zingekuwa rahisi mno.

Niliwachorea joho lile kwa kumbukumbu. Mwalimu aliweka kidole kwenye tundu la mkono. "Ulilishusha chini," akasema. Kweli nililishusha, nikidhani kwamba tundu kubwa humpa mtu nafasi. Akamwita mwanafunzi mmoja, akambania pini merikani mbili: bega la kulia tundu limepanda juu karibu na kwapa, la kushoto limeshuka inchi mbili. "Inua mikono." Kulia, mkono ulipanda peke yake na nguo ikabaki kiunoni. Kushoto, mkono ulibeba ubavu mzima wa nguo na pindo likapanda pamoja nao. Tundu likishuka, mkono haupati uhuru. Unafungwa na kiuno. Miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kunionyesha hilo, kwa sababu mtu wa kioo haiinui mikono yake.

Kitabu kilichokaa mezani pake kila siku kilikuwa cha Janet Arnold, Mwingereza aliyetumia maisha yake kupima nguo za kale kwenye makumbusho na kuzichora vipande vipande. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1964, na michoro yake ipo juu ya miraba midogo, kila moja ya nane ya inchi ikisimama badala ya inchi nzima, ili fundi aikuze mpaka kimo cha mtu. Arnold alifariki mwaka 1998, na wenzake wameiendeleza kazi ile. Nililolipenda zaidi ni kwamba hakuchora uzuri wa nguo tu. Alichora viraka. Alichora mahali fundi wa mwaka 1600 alipopungukiwa na kitambaa akaunga kipande kidogo kwenye kona. Nilimwona fundi yule kama jirani yangu.

Mwalimu akatuambia twende tukatazame ndani ya nguo wenyewe. Mashariki mwa London, Hackney Wick, ndani ya jengo lililokuwa la wanahabari wakati wa Olimpiki ya 2012, makumbusho ya V&A yamehamishia ghala lake na kulifungua kwa umma tarehe 31 Mei 2025. Hakuna kiingilio. Na kuna jambo ambalo sijaliona kwingine: mtu yeyote anaweza kuagiza hadi vitu vitano vilivyohifadhiwa, kwa taarifa ya wiki mbili, akaletewa mezani avitazame. Hawaulizi digrii. Mimi, fundi wa Magomeni, nilikuwa nimeagiza tayari kwa simu ya mkononi nikiwa bado Dar es Salaam.

Niliagiza, pamoja na mengine, shati la mwanamume la kitani la karne ya 18. Lililetwa limelala kwenye karatasi laini. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Mhudumu, kijana mwenye glavu, alilifungua taratibu kama anayemfunua mtoto mchanga. Mwili wake ulikuwa kipande kimoja kirefu kilichokunjwa begani, bila mshono wa bega. Mikono ilikuwa mistatili mitupu. Hapakuwa na mkato wa duara popote, kila kitu kimekatwa kwa mstari ulionyooka ili kitani kisipotee hata kidogo. Chini, pembeni, herufi mbili ndogo zimedariziwa kwa uzi mwekundu, ili shati lirudi kwa mwenyewe likitoka kwa dobi. Nikamwomba aligeuze mkono. Akaugeuza. Na pale, chini ya kwapa, kilikaa kipande cha mraba, kona moja imeingia kwenye mshono wa mkono, kona ya pili imeshuka kwenye mshono wa ubavu.

"Kikwapa," nilisema kwa sauti.

Kijana aliniuliza nimesema nini, na sikuweza kumjibu mara moja.

Babu yangu alishona kanzu Pangani. Alikaa barazani, miguu ameikunja, na mimi nilikuwa na miaka sita au saba. Kazi ya kwanza niliyopewa maishani ilikuwa kukata vikwapa. Badani alikata mwenyewe, taharizi alikata mwenyewe, lisani na kaba hakumwachia mtu, lakini vile vipande vidogo vya mraba, vya kushonwa chini ya mkono, alinipa mimi na mkasi butu. "Kata sawa, mjukuu wangu. Mtu akisujudu, kipande hiki ndicho kinachomwachia." Mraba ule ukishonwa kwa kona, kitambaa hukaa mshazari, na mshazari ndio upande ambao kitambaa chochote hukubali kuvutika. Mkono ukipanda, kikwapa hufunguka. Ukishuka, hujikunja na hakuna anayekiona. Babu hakunieleza hayo ya mshazari, wala sikumwuliza. Nilipokwenda kujifunza suti mjini, nikajifunza tundu la duara, nikaacha kikwapa barazani Pangani pamoja na utoto wangu.

Nilimchorea kijana yule kanzu kwa penseli. Akaomba kubaki na karatasi.

Siku zilizofuata nilizunguka kama mtu aliyepewa miwani mipya. Pale Westminster Abbey nilitazama kwa karibu kizibao kilichovikwa sanamu ya mazishi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1603, vazi la kubana kifua lenye vipande vya kile kinachoitwa mfupa wa nyangumi, ambacho si mfupa hata kidogo bali ni yale mabamba ya kinywani anayochujia chakula. Siku hizi mafundi hutumia vyuma vyembamba. Barabara ya Goldhawk, kwenye maduka ya vitambaa, niliona kitenge bei yake ikanifanya nikirudishe rafuni haraka, lakini muuzaji alinikatia vipande vidogo vya sampuli bila malipo, na vimo kwenye daftari langu.

Jioni moja nilisimama uani kwenye ukumbi wa Globe, ule uliojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997 karibu na mahali ulipokuwa ule wa Shakespeare. Mvua ilinyesha. Uani hakuna paa, na mwavuli hauruhusiwi kwa sababu unawaziba wa nyuma. Watazamaji wamezunguka jukwaa pande tatu, na aliye mbele anaweza kuweka viwiko juu ya mbao zake. Kwa hiyo mgongo wa nguo unaonekana sawa na mbele, na mshono mbaya hauna pa kujificha. Ukumbi wa kwanza uliungua mwaka 1613 mzinga ulipofyatuliwa katikati ya mchezo na cheche zikashika nyasi za paa. Habari iliyobaki inasema suruali ya mtu mmoja ilishika moto, ikazimwa kwa chupa ya bia. Na kuna daftari la hesabu la Philip Henslowe, mwenye kumbi za zama hizo, linaloonyesha kwamba mwaka 1603 gauni moja la mahameli nyeusi kwa ajili ya mchezo liligharimu zaidi ya alicholipwa mwandishi wa mchezo huo. Nimewasimulia hilo viongozi wa vikundi wawili hapa Dar wanaoniletea bajeti ya maleba mwishoni, ikiwa imebaki.

Kilichonibadilisha zaidi kuhusu kazi kama kazi ni kuona jinsi ilivyogawanywa. Mbunifu anachora. Mkataji anasoma mchoro na kuugeuza vipande. Mshonaji anashona. Yuko wa kofia, wa viatu, wa kutia rangi, na yuko ambaye kazi yake ni kuchakaza nguo mpya kwa msasa, brashi ya waya na udongo ili mkulima wa mchezoni asionekane ametoka dukani. Kila usiku yuko mvishaji anayesimama gizani na nguo ya pili mkononi. Mimi kwetu ndiye wote hao. Mwalimu aliniambia waziwazi kwamba anayetaka kuajiriwa achague mlango mmoja, awe bora hapo, na aende na mkoba wa kazi unaoonyesha picha za nguo ikiwa imepinduliwa. Wanaoajiri hutazama ndani kwanza. Alinitajia Ruth E. Carter, ambaye mwaka 2019 alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kupata Oscar ya ubunifu wa maleba, kwa Black Panther, filamu ambayo ndani yake kuna shanga zilizoiga za Wamaasai. Alipotoka chuo cha Hampton alikwenda kujifunza kazi kwenye opera ya Santa Fe. Alianzia chumba cha nguo, kama sisi.

Ndani ya maleba nilikuta mambo mawili ambayo nimeyaleta nyumbani. La kwanza ni akiba ya mshono: wakati sisi tunaacha nusu inchi ili kubana matumizi, wao mgongoni na ubavuni huacha inchi moja na nusu, hata mbili, imekunjwa ndani, kwa sababu mwaka kesho nguo hiyo itavaliwa na mwigizaji mnene zaidi. La pili ni kitambulisho kilichoshonwa kolani, jina la mvaaji, la mchezo, tarehe, na chini yake jina la aliyefuata. Kampuni ya kukodisha maleba ya Angels, ya ukoo mmoja tangu mwaka 1840, ina zaidi ya mavazi milioni moja. Joho alilovaa Alec Guinness akiwa Obi-Wan Kenobi katika Star Wars ya 1977 lilikaa kwao likikodishwa kama joho lolote, mpaka likatambuliwa, na mwaka 2007 likauzwa mnadani kwa pauni 54,000. Nguo haijisemei. Anayeisemea ni yule aliyeandika jina kolani.

Nimerudi. Kibanda ni kile kile, cherehani ni ile ile, ila pembeni kuna jora la merikani nililolitoa Kariakoo. Bagamoyo tunayo taasisi ya sanaa ya TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na vikundi vya ngoma vinavyozunguka pale vinahitaji mavazi ya kuchezea, si ya kupigia picha. Kazi yangu ya kwanza baada ya safari imetoka huko: blauzi kumi na mbili za wacheza sindimba ambao pia huimba.

Juzi mmoja wao alikuja kujaribu. Nilimvika merikani iliyopigwa bandi, yenye vikwapa vya inchi nne, nikasukuma benchi ukutani apate nafasi. Akaona haya kidogo, maana watoto wa mtaa walikuwa mlangoni.

"Cheza, dada. Cheza kama siku ya onyesho."

Akacheza. Mikono ilipanda, pindo likabaki kiunoni. Nilikuwa nimeinama kutazama ubavu, chaki mkononi, na furaha yangu ilikuwa kubwa. Kisha akaanza kuimba, na katika ubeti wa pili akapeleka kidole shingoni akavuta kola. Nilikuwa nimempima mbavu zikiwa zimejaa pumzi. Shingo nilikuwa nimeipima amenyamaza.

"Usiache," nikamwambia. "Imba tu." Nikachukua mkasi.